Kubadilisha bampa la mbele lililopasuka kwenye Mazda MX-5 ya zamani (Eunos Roadster), hatua kwa hatua

Naandika hii kwa sababu maswali ni yale yale kila mara. "Kaka bampa langu limepasuka, si nipige tu puti?" "Nimefungua nati zote mbona halitoki?" "Nimeweka jipya lakini upande wa kushoto kuna uwazi kidole kinapita, shida nini?" Nimechoka kuelezea kwa simu huku mtu yuko chini ya gari, so ngoja niweke yote hapa.

Naongelea ile MX-5 ya kwanza kabisa, yenye taa za kunyanyuka, iliyotoka 1989 mpaka 1997. Ukiagiza toka Japan utaikuta inaitwa Eunos Roadster, Marekani waliipa jina Miata, gari ni ile ile. Kama yako ni ya 1998 kuja juu, taa zimetulia kwenye bodi hazinyanyuki, basi hiyo ni toleo la pili, bampa lake lina umbo tofauti na nati zimekaa kivingine, usifuate hii neno kwa neno.

Na kwanini nahangaika na bampa moja hivi? Maana hizi gari haziongezeki. Kenya gari mtumba ikivuka miaka 8 hairuhusiwi kuingia, huku Bongo unaruhusiwa ila unalambwa ushuru wa uchakavu, kwa hiyo zilizopo ndo hizo hizo, na kila moja inayoharibiwa na fundi wa haraka haraka ni hasara kwetu sote tunaozipenda.

Kwanza: libadilishwe au litengenezwe?

Bampa la hii gari ni plastiki laini inayopinda. Likiwa jipya unalikunja linarudi, ila likishakaa miaka 30 juani linakauka linakuwa gumu kama ndoo ya zamani, ukigusa tuta kidogo tu linapasuka. Na hii gari iko chini, matuta ya mitaani kwetu unayajua.

Ufa mfupi sehemu ya chini, urefu wa kidole hivi, unaweza kutengenezwa. Unatoboa katundu kadogo mwisho wa ufa ili usiendelee, unaweka wavu kwa nyuma, unapaka gundi ya plastiki ile ya kuchanganya mbili inayobaki laini ikikauka. Lakini ufa ukiwa kwenye masikio, yani pale bampa linaposhikwa na nati, au ukiwa umepita mpaka kwenye mdomo wa hewa, achana nalo, tafuta lingine.

Puti ya kawaida hapana kabisa. Ile ya kunyooshea bati ni ngumu, bampa linapinda, puti haipindi, mwezi haujaisha ufa umerudi na umekuja na kipande cha rangi. Fundi akikwambia "hii ya kwangu haipasuki" mwambie asante.

Vitu vya kuwa navyo kabla hujagusa nati

- Bampa lenyewe. Mtumba wa Japan ndo chaguo langu la kwanza kama masikio yote mazima. Jipya la plastiki laini pia poa. La faiba ni rahisi kulipata lakini mara nyingi halikai sawa bila kukwanguliwa, na likigonga ukingo wa parking halipindi, linavunjika vipande.
- Soketi na racheti, namba 10 na namba 12, na mkono mrefu wa racheti. Kazi kubwa ni ya namba 10.
- Bisibisi ya nyota na ya bapa.
- Jeki na stendi mbili. Stendi sio hiari.
- Mafuta ya kulegeza kutu.
- Klipu za plastiki mpya kama 10 hivi, zinauzwa mafungu kwenye maduka ya spea, Shaurimoyo hapa Dar utazipata.
- Boksi la karatasi ngumu, tepu ya karatasi ile ya mafundi rangi, vikopo vya kuwekea nati, na simu ya kupigia picha.
- Mtu wa pili. Kulitoa unaweza peke yako, kulirudisha bila kukwaruza fenda peke yako ni bahati.

Muda: ukiwa mara ya kwanza tenga siku nzima ya kufungua na kujaribisha, alafu siku za rangi, alafu nusu siku ya kufunga. Anayekwambia saa moja hajawahi kukutana na nati zenye kutu.

Kabla ya kununua geuza bampa uangalie kwa nyuma. Hesabu masikio, angalia matundu ya taa yanalingana na ya gari yako, maana za soko la Marekani na za Japan hazifanani kila kitu upande wa taa. Mara nyingi kwa ndani kuna herufi za aina ya plastiki, kama PUR au PP, zipige picha, fundi rangi atazihitaji.

Kazi yenyewe

1. Usiku wa kabla, pulizia mafuta nati zote. Za ndani ya madigadi, za chini, za juu karibu na boneti. Ukikaa karibu na bahari kama Kigamboni au Mombasa fanya hivyo siku mbili mfululizo. Chumvi ya hewa inakula hizi nati ndogo vibaya sana, na walioko Uingereza mna chumvi ya barabarani wakati wa baridi, hali ni ile ile.

2. Nyanyua taa KWANZA, ndo uchomoe betri. Hapa wengi wanakosea. Kuna swichi ya kunyanyua taa bila kuziwasha, ibonyeze, taa zikisimama juu ndo uende kwenye betri. Betri ya hii gari iko nyuma kwenye buti, upande wa kulia, usihangaike kuitafuta mbele. Toa tamino ya nega. Kama umeshachomoa na taa ziko chini usipanic, kwenye mota ya kila taa kuna kifuniko cha mpira, kitoe, chini yake kuna kitufe cha kuzungusha kwa mkono, zungusha taratibu mpaka taa ipande.

Sababu ya kuchomoa betri ni vidole vyako. Mikono yako itakuwa ndani ya tundu la taa, na ile mota ina nguvu. Pia kama usukani wako umeandikwa SRS una airbag, na baadhi ya hizi gari zina sensa za airbag huko mbele mbele karibu na pua. Chomoa betri, subiri dakika kama 10, na hizo sensa usizigonge wala kuzifungua.

3. Nyanyua gari, weka stendi. Jeki inakaa katikati kwenye ule mhimili mkubwa wa chuma wa mbele unaoshika miguu ya tairi za mbele, sio kwenye sampu (lile bakuli la mafuta ya injini). Stendi zinakaa pembeni nyuma ya tairi za mbele, pale kwenye ukingo uliotiwa nguvu wenye alama mbili za mkato. Ukiweka nje ya hapo ule ukingo unajikunja na hapo ndo kutu ya hii gari inapoanzia. Tikisa gari kidogo kabla hujaingia chini. Likicheza, shusha, anza upya.

4. Toa kava la chini na plastiki za madigadi. Geuza usukani mpaka mwisho upate nafasi, sio lazima utoe tairi ila ukitoa unafanya kazi kwa raha. Klipu za plastiki zina kipini katikati, unavuta kipini kwanza ndo unavuta klipu. Ukivuta zote pamoja inakatika. Zitakatika tu baadhi, ndo maana nimekwambia nunua mpya. Plastiki ya madigadi huhitaji kuitoa yote, legeza nusu ya mbele, ikunje nyuma, ifunge na kamba.

5. Toa taa ndogo za indiketa. Skrubu za nyota, taa inakuja mbele. Usivute waya! Shika kishikio cha balbu kwa nyuma, zungusha robo, kinatoka. Kama gari yako ina taa za ubavuni kwenye bampa fanya hivyo hivyo. Zifunge waya pembeni na tepu.

6. Kinga rejeta. Chukua lile boksi, likate, liingize kwenye mdomo wa bampa mbele ya kondensa ya AC. Bisibisi ikikuponyoka ikatoboa kondensa, gesi yote imeondoka na umejitafutia gharama kubwa kuliko bampa. Dakika mbili tu hii.

7. Fungua nati za pembeni. Ndani ya madigadi, pale bampa linapokutana na fenda, kuna nati za namba 10 zinazoshika kibati cha chuma. Huwezi kuziona vizuri, utazisikia kwa kidole. Mkono mrefu wa racheti unafanya kazi hapa. Ikigoma usilazimishe, pulizia mafuta tena, kaza kidogo alafu legeza, kaza legeza, hivyo hivyo mpaka ikubali. Wenye haraka wanakata stadi (kile kijiti cha chuma chenye nyuzi kinachoingia kwenye nati) hapa.

8. Fungua za juu na za mdomoni. Boneti wazi, taa zikiwa juu, fuata ukingo wa juu wa bampa toka kushoto mpaka kulia, na chungulia kwenye matundu ya taa. Alafu za ndani ya mdomo na za chini. Kila kundi la nati liingie kopo lake na piga picha. Hizi nati hazilingani urefu zote, ukija kuchanganya ndefu na fupi utakuja kutoboa kitu.

9. Litoe. Wawili, kila mmoja upande wake, tanueni zile pembe kidogo kwenda nje zipite fenda, alafu vuteni mbele sawasawa. Likikataa sehemu moja kuna nati mmeisahau. Mara tisa kati ya kumi iko kona ya juu ya fenda. Msivute kwa nguvu mtakunja fenda, na fenda ni bati, bampa unalibadilisha siku moja ila fenda ikikunjika umeingia kazi nyingine.

10. USITUPE LA ZAMANI. Naandika kwa herufi kubwa sababu nimeona mtu analia. Lile bampa bovu lina vibati vya chuma, stadi, vishikio, ambavyo mara nyingi bampa jipya haliji navyo. Hamisha kimoja kimoja, sugua kutu, paka rangi ya kuzuia kutu, kaushia juani. Na angalia kile chuma kikubwa cha nyuma ya bampa kinachopokea kishindo. Kama gari iligongwa na chuma kimepinda, hakuna bampa duniani litakalokaa sawa juu yake. Pima toka chuma mpaka mwisho wa fenda kushoto na kulia, ikitofautiana shughulikia hiyo kwanza.

11. Lijaribishe kabla ya rangi. Hii ndo hatua yenyewe, kama utasoma moja tu soma hii. Lifunge lote juu ya gari, nati zote za mkono tu, bila rangi. Angalia uwazi wa fenda pande zote, uwazi wa boneti, na vifuniko vya taa. Zungusha taa kwa mkono zishuke na zipande, vifuniko visiguse bampa. Bampa lililosafirishwa limekunjwa kwenye boksi litakuwa na mawimbi, liache juani nusu saa mchana, linalainika, linarudi lenyewe. Jua la Dar hapa ni rafiki yako. Kama kuna tundu halilingani lipanue sasa kwa tupa ya duara. Ukishapiga rangi ndo ugundue halikai, utakwangua rangi ya pesa yako mwenyewe.

12. Rangi. Hapa mpe fundi rangi ila msimamie. Osha bampa kwa sabuni na maji ya moto, la kiwandani lina mafuta mafuta ya kalibu lililotengenezewa, ambayo rangi haishiki juu yake. Msasa 400, prima ya plastiki, msasa 800 wa maji, rangi, kliya. Kama herufi za nyuma ni PP inabidi itangulie ile prima maalum ya kushikisha rangi kwenye plastiki, bila hiyo rangi inabanduka kama ngozi ya kitunguu. Na kwenye rangi iwekwe dawa ya kulainisha, ili ipinde pamoja na bampa. Kodi ya rangi yako (zile herufi za kuitambulisha, "code") iko kwenye kibati chumba cha injini au stika ya mlangoni. Ile nyekundu ya kawaida ni SU, kijani ya British Racing Green ni HU. Lakini gari imefifia kwa jua, mwambie achanganye kwa kulinganisha na fenda, sio kwa kodi peke yake. Asiliweke kwenye joto kali kama bati. Likauke siku mbili tatu kivulini.

13. Funga. Bandika tepu kwenye kingo za fenda zote mbili, ndo mlinyanyue. Ingizeni katikati kwanza, alafu pembe. Weka nati ZOTE kwa mkono kabla hujakaza hata moja. Alafu kaza kidogo kidogo ukianzia katikati kwenda pembeni, kushoto kidogo, kulia kidogo, kila raundi unarudi mbele unaangalia uwazi. Mimi mara yangu ya kwanza nilikaza kushoto mpaka mwisho kwa furaha, kulia pakabaki uwazi wa kidole, gereji niliyopeleka wakalivuta kwa skrubu za bati wakatoboa fenda toka nje. Yale matundu yalianza kutu masika yaliyofuata na mpaka leo yananiuma.

Hizi nati ndogo hazitaki nguvu. Zikishika, robo mzunguko inatosha. Sio wili spana hii. Na kama ulitoa tairi, hizo ndo unakaza kweli, 90 mpaka 118 Nm.

14. Rudisha vingine. Indiketa, plastiki za madigadi, kava la chini, toa lile boksi mbele ya kondensa (watu wanalisahau alafu gari inachemsha!), shusha gari. Zungusha taa kwa mkono mara ya kwanza uhakikishe hazigusi rangi mpya, ndo urudishe betri ujaribu kwa swichi.

Ikileta shida

*Uwazi mkubwa upande mmoja.* Legeza nati zote, sio za upande ule tu. Sukuma bampa, shikilia, mwenzako akaze toka katikati. Ikirudia, kibati cha kona kimepinda au chuma cha nyuma kimepinda, rudi hatua ya 10.

*Kifuniko cha taa kinakwaruza bampa.* Acha kutumia swichi mara moja. Ukingo wa juu wa bampa umekaa juu mno, legeza za juu, bonyeza chini, kaza. Ikiwa milimita moja tu imebaki, kifuniko chenyewe nacho kina marekebisho kwenye skrubu zake.

*Stadi imekatika.* Ondoa kibati, toboa ile stadi, weka bolti na nati mpya ya saizi ile ile na washa pana. Usichomelee kikiwa kwenye gari, plastiki iko pale pale.

*Indiketa haiwaki au inawaka haraka haraka.* Balbu haijakaa au kishikio hakijazungushwa mpaka mwisho. Kagua pia kutu kwenye mguso wa balbu, sugua na msasa laini.

*Bampa linatetemeka spidi ikipanda.* Umesahau za chini au kava la chini halijashikwa. Usiendeshe hivyo barabara kuu, upepo unaingia chini yake unalivuta na sikio jipya linakatika.

*Rangi ya bampa haifanani na fenda mchana ila usiku iko sawa.* Fundi alichanganya chini ya taa. Rudisha, na safari hii mlinganishe nje, asubuhi, gari ikiwa imeoshwa.

*Nyufa ndogo ndogo kama utando wa buibui kwenye rangi baada ya wiki.* Dawa ya kulainisha haikuwekwa, au rangi ilipigwa nene. Hapo hakuna ujanja wa kupaka juu, inakwanguliwa inaanza upya toka prima. Safari hii kaa pale pale gereji uone kopo la dawa linafunguliwa mbele yako.